Mzee Chande wa Kidato cha Tatu

Jina la nchi yetu sitalitaja. Kulitaja ukiwa umekaa ni kosa la jinai, na mimi muda huu nimekaa, goti linanisumbua. Itoshe kusema kwamba ni nchi njema: ina bendera, ina ushuru, na ina viongozi wanene. Hilo la unene si utani wangu. Limo kwenye katiba, sura ya kwanza, pale ambapo nchi nyingine huweka habari za haki za raia. Kiongozi wetu wa kwanza, Baba wa Shibe, alikabidhiwa nchi akiwa amekonda kwa sababu ya kufungwa jela na wakoloni. Baada ya mwaka mmoja ikulu akatokeza mbele ya umma na kitambi cha kuonekana hata kwa waliokaa nyuma, na wananchi wakashangilia kwamba nchi imeanza kuiva. Tangu siku hiyo kitambi ndicho kipimo chetu cha maendeleo, na mtu mwembamba akipita barabarani watu humtazama kwa wasiwasi, kama vile amebeba barua ya kufukuzwa kazi.

Tuna mila nyingi, lakini moja lazima niieleze mapema. Kwetu mzee akifa halii mtu. Ngoma inapigwa, pilau linapikwa, na kipande chenye mafuta kuliko vyote, yaani mkia wa kondoo, anapewa mzee mwenzake anayerithi kiti cha marehemu. Marehemu kaishi, kala, kaona vizazi. Ukilia ni kana kwamba unalalamika kwa niaba yake. Ni mila nzuri kabisa. Bibi yangu alipofariki nilicheza mpaka kandambili ikakatika. Naitaja sasa kwa sababu itahitajika mbele, na mimi sipendi kumshtukiza msomaji. Kazi hiyo serikali inaiweza.

*

Mimi nilikuwa mwalimu wa michezo katika sekondari moja hapa mjini. Tulikuwa na kiwanja, kikubwa, chenye nyasi upande mmoja na vumbi upande wa pili, na kila timu ilipigania kuanzia upande wa nyasi. Siku moja mkuu wa shule alitukusanya, akatueleza kwamba kiwanja hakijauzwa, kimepumzishwa. Wiki iliyofuata kampuni ya soda ikaanza kujenga ghala juu ya mapumziko hayo. Malori yake yalipasua bomba la maji la shule, na kampuni, kwa moyo wa huruma, ikawa inaleta kreti za soda ili watoto wasife kiu. Mkaguzi wa elimu alipokuja akakuta watoto wanakunywa, akaandika kwamba shule haina uhitaji wa maji.

Kipindi cha Michezo kikabadilishwa kuwa kipindi cha Mapumziko. Sikufukuzwa kazi. Niliendelea na filimbi yangu ileile, ila sasa nikiipuliza wanafunzi wanakaa, na nikiipuliza tena wanakaa zaidi. Kantini ikaletwa karibu ili wasichoke kuifuata: chipsi asubuhi, chipsi mayai mchana, na wakati wa kwenda nyumbani andazi la njiani.

Katika wanafunzi hao alikuwemo mpwa wangu Chande, mtoto pekee wa dada yangu Siwema. Kabla ya mapumziko ya kiwanja alikuwa winga wetu wa kulia, na mabeki wa shule za jirani walikuwa wakimjua kwa jina. Miaka miwili baadaye miguu ilikuwa bado ya winga, mikono bado ya winga, ila katikati tumbo lilikuwa limetangulia mbele na kukaza kama ngoma. Siwema ni fundi cherehani, kwa hiyo aliona kabla ya watu wote. Kila muhula alikuwa anafumua kiuno cha suruali ya shule na kuongeza kitambaa, mpaka siku moja akaniambia kwamba suruali ya mtoto sasa ina kitambaa chake kingi kuliko cha dukani.

Shule ilifurahi. Wageni wakija, Chande alipangwa mstari wa mbele. Lakini mimi nilimwona siku ile kwenye ngazi za darasa la juu, amekaa njiani, jasho linamtoka, kiganja kakiweka kifuani, wenzake wanamruka. Nilipomwinamia akasema, "Nikikaa kidogo itapita, mjomba." Alikuwa na miaka kumi na mitano, na alisema hivyo kama mtu aliyekwisha kuzoea.

*

Tulimpeleka kwa Daktari Kitwana, mama mmoja wa kliniki ya wilaya ambaye alikuwa hajazoea chochote. Futi ya kupimia viuno ya kliniki ilikuwa imefungiwa kwenye sanduku la kioo ikisubiri Siku ya Shibe, sikukuu ya taifa ya kupima vitambi, basi akaazima ile ambayo dada yangu huivaa shingoni. Akampima kiuno, akampima urefu, akasema kiuno hakitakiwi kuzidi nusu ya urefu, na hiki kimezidi kwa mbali. Akapima presha mara mbili kwa sababu ya kwanza hakuiamini. Ilikuwa presha ya mtu wa rika langu.

Akatueleza bila kuficha. Mafuta haya ya tumboni si yale ya mashavuni ambayo watu huyabana wakacheka. Haya yamejazana ndani, yamelizunguka ini, yanaharibu damu, yanapandisha presha na sukari, na moyo ndio unaobeba mzigo wote. Siwema akauliza kama mtoto atakufa.

"Leo hapana," Daktari Kitwana alisema. "Tukimwacha hivi, akifika miaka thelathini moyo wake utakuwa umechoka kama wa babu yake. Lakini bado mdogo, dada. Kwa umri huu mambo mengi yanarudi nyuma."

Akataja yanayotakiwa: maji badala ya soda, chakula cha nyumbani, kukimbia au kutembea kila siku, na kuja kliniki kila mwezi, na kama presha itakaidi basi atapewa dawa. Siwema alifurahi kama aliyeambiwa mtoto amepona. Alikuwa amejiandaa kusikia jambo lisilowezekana, na hapa ameambiwa maji na kutembea.

Daktari akageukia kompyuta yake aandike, na kompyuta ikakataa. Aliandika presha, ikafuta. Aliandika hatari ya ugonjwa wa moyo, ikalia, ikamtaka arekebishe umri wa mgonjwa. Hapo ndipo tulipokutana na Sheria ya Mgawanyo wa Magonjwa.

Sheria hii ilipitishwa zamani baada ya wazee kuandamana. Walilalamika kwamba vijana wamechukua kila kitu, kazi, muziki, hata mitindo ya kunyoa, basi angalau waachiwe presha. Bunge likaona wana hoja. Watoto wakapewa surua, minyoo na degedege. Vijana wakapewa chunusi, ajali za pikipiki na maumivu ya mapenzi. Moyo, kisukari na kiharusi vikawa mali ya wazee kuanzia miaka hamsini na mitano, na kijana atakayeonekana navyo anahesabika amejitwalia kisicho chake. Daktari Kitwana alitueleza haya huku anatazama dirishani. Akasema dawa ziko kabatini nyuma yake, lakini kabati linafunguka kwa umri.

*

Tukaenda wizarani. Waziri wa Unawiri, Mheshimiwa Mnofu, alitupokea siku ileile, na hilo lilitushangaza mpaka tulipoelewa kwamba alikuwa amemwona Chande kupitia dirishani. Aliinuliwa kitini na wasaidizi wawili, akazunguka meza kwa mapumziko mafupi, akamshika mpwa wangu tumbo kwa mikono yote miwili kama anayepokea kombe.

"Ndugu wananchi," alisema, ingawa tulikuwa watatu. "Taifa lisilo na tumbo ni taifa lisilo na mbele. Zamani mtu alisubiri mpaka awe mkurugenzi ndipo apate kitambi. Serikali ya awamu hii, kwa dhati, kwa makusudi na kwa kuzingatia vipaumbele, imelifikisha tumbo kwa kijana mahali alipo. Leo hata mtoto wa fundi cherehani analo. Nani mwingine kafanya hivyo?"

Wasaidizi wakapiga makofi. Siwema akaeleza kuhusu ngazi, kuhusu kifua, kuhusu presha. Waziri alisikiliza kwa makini sana, na Siwema alipomaliza akauliza kama mtoto anapenda sambusa, kwa sababu zilikuwa zimeletwa. Chande akatutazama, akasema ahsante, hapana. Waziri aliirudisha sambusa kwenye sahani taratibu na kusema kwamba hapo sasa ameona dalili ya ugonjwa.

Wakati tunatoka, msaidizi mmoja, aliyekuwa anahema kwa kutufuata hadi mlangoni, alitunong'oneza kwamba tumekosea mlango. Tuende Idara ya Rika.

*

Afisa wa Rika, Bwana Mtengeti, alikuwa mtu mpole, na watu wapole wa ofisini ndio wanaonichosha kuliko wakali. Alisikiliza, akatabasamu, akasema shida yetu ni nyepesi mno. Mgonjwa hana tatizo na ugonjwa hauna tatizo, kisichopatana ni umri. Ugonjwa serikali haiwezi kuubadilisha, lakini umri inaweza.

Ndivyo mpwa wangu alivyosimikwa uzee. Walihitajika mashahidi watatu waliokua naye, na idara ilikuwa nao, wanakaa kwenye benchi la ukumbini wakisubiri kazi. Wa kwanza alisema alichunga mbuzi na Chande. Wa pili alisema walitahiriwa pamoja. Wa tatu alimtazama mpwa wangu kwa muda, machozi yakamlenga, akasema ni huyu huyu aliyemnyang'anya mchumba miaka ile, na kwamba amemsamehe. Chande akamshukuru. Alikuwa mtoto mwenye adabu.

Wakamvisha kofia, wakampa mkongojo na kiti chake cha mkeka, wakamwandika miaka hamsini na mitano. Bwana Mtengeti akauliza nani mzazi wa mzee. Siwema akasema ni yeye. Afisa akatazama umri wa dada yangu, thelathini na saba, akatikisa kichwa kwa huruma, akasema haiwezekani mtu wa thelathini na saba akamzaa wa hamsini na mitano, hata hesabu inakataa. Akamwandika binti wa mzee.

Maana yake, kuanzia siku ile, mbele za watu Siwema alipaswa kumwamkia mwanawe shikamoo baba. Kumwita mwanangu hadharani lilikuwa kosa la kumvunjia mzee heshima. Dada yangu alipiga goti kidogo pale ofisini, akasema shikamoo baba. Chande akaangalia chini. Bwana Mtengeti akamkumbusha kwa upole kwamba wazee huitikia.

"Marahaba," alisema, kwa ile sauti yake iliyokuwa bado haijatulia, inapanda na kushuka.

*

Kwa miezi michache mambo yalikwenda, na hilo ndilo linaloniuma kuliko mengine yote. Kabati la Daktari Kitwana lilifunguka. Chande akawa anakwenda kliniki, anakaa kwenye foleni katikati ya wazee wa kweli wanaomuuliza habari za magoti yake, anapata dawa na maelekezo. Siwema akawa anachemsha maji ya kunywa na kumpikia ugali, mchicha na maharage. Asubuhi kabla watu hawajajaa barabarani nilikuwa nampeleka bondeni nyuma ya soko, tunakimbia. Mwanzoni tulikimbia mpaka kwenye mti wa kwanza tu. Halafu tukaupita. Presha ikaanza kushuka, na siku moja nilimkuta dada yangu kwenye cherehani anapunguza kiuno cha suruali badala ya kuongeza. Alikuwa anaimba.

Kisha askari wakatukamata. Walikuwa wawili, kwenye gari la polisi, na walimpigia Chande saluti kabla ya kumkamata. Kuna kanuni ambayo sisi hatukuijua, kwamba mzee haruhusiwi kuonekana anakimbia, kwa sababu wananchi wakimwona mzee mbioni watadhani serikali imepinduliwa. Walimwomba radhi, wakamkalisha kiti cha mbele, wakamrudisha nyumbani kwa heshima zote. Wakaagiza kwamba kuanzia siku hiyo mzee asitembee hata dukani. Gari la kata litakuja.

Shule nayo ikajifikiria. Haikufaa mzee akae dawati moja na watoto, akichapwa itakuwaje, basi ikamstaafisha. Alipewa saa ya ukutani na risala iliyosomwa na kiranja. Wenzake waliokuwa wakimruka kwenye ngazi wakampa mkono mmoja mmoja, shikamoo, shikamoo, shikamoo.

Baada ya hapo ikaja mialiko. Mzee kijana alikuwa kitu kipya mjini, na kila mwenye harusi, hitima au ufunguzi wa choo cha umma alitaka awe naye jukwaani. Na mzee kwetu akialikwa anahudumiwa wa kwanza, na anachohudumiwa ni mkia wa kondoo unaotiririka mafuta, sahani imejaa, watu wote wamesimama wanatazama mpaka amalize. Kukataa ni kumtukana mwenye shughuli. Ukikataa, baraza la wazee linaitwa kusuluhisha, na baraza likikaa linaletewa mkia wa kondoo. Chande alijaribu kukataa mara moja. Alikula mara mbili siku hiyo.

Naandika kwa sauti ya upole kwa sababu nimeshazoea kuandika hivyo, barua kwa wakubwa zimenifundisha. Lakini nilikasirika. Nilikwenda kwa Bwana Mtengeti, nikamwambia kwamba tulimfanya mtoto mzee ili atibiwe tumbo, na sasa uzee ndio unaomjaza tumbo. Akanisikiliza kwa upole ule ule. Akasema nimeeleza vizuri sana, na akaniuliza kama nilikuja na lalamiko au ni pongezi, maana madirisha ni mawili tofauti.

*

Mama wengine walikuwa wanaona upande mmoja tu wa jambo hili: kabati linafunguka. Mjini kulikuwa na watoto wengi wa aina ya Chande, waliolelewa na kantini zilezile juu ya viwanja vilivyopumzishwa. Foleni ya Idara ya Rika ikazunguka jengo. Wale mashahidi watatu wa benchi wakawa na kazi mfululizo, yule wa tatu akanyang'anywa wachumba kila siku mpaka sauti ikamkauka. Wavulana wa kidato cha pili walitoka na mikongojo, wasichana wa kidato cha kwanza walitoka wameitwa bibi.

Siku ya Shibe ilipofika, Mheshimiwa Mnofu alipanda jukwaani akatangaza ushindi. Alisema takwimu zimehakikiwa na hazina shaka: hakuna kijana hata mmoja nchini mwenye presha wala hatari ya ugonjwa wa moyo. Vijana wote wenye hali hiyo ni wazee. Alitunukiwa medali palepale, kubwa, ikalala juu ya tumbo lake bila kuning'inia. Mabalozi walipiga makofi, na wengine, nasikia, waliomba waelezwe mbinu.

Ni mtu mmoja tu aliyeharibu sherehe hiyo. Daktari Kitwana alikuwa ameiandikia wizara kwamba wazee wanaokuja kliniki kwake siku hizi wengi wana chunusi na wengine wanasindikizwa na mama zao, na kwamba mioyo hiyo haijui imeandikwa umri gani. Wizara ilishukuru kwa taarifa. Ikamhamishia Kitengo cha Chunusi, huko mpakani.

Siku hiyohiyo Chande aliteuliwa kutoa neno kwa niaba ya wazee. Mimi na Siwema tulikuwa chini, karibu na spika. Alisimama na mkongojo wake, kofia imeshuka hadi kwenye nyusi kwa sababu ilishonwa kwa kichwa cha mtu mzima. Alihema kidogo kwanza. Alikuwa na miaka kumi na sita.

"Mimi ninaomba nirudi kidato cha tatu," alisema. "Na kile kiwanja chetu, naomba kama inawezekana kirudishwe."

Umati ulicheka kwa mapenzi, kama watu wanavyowacheka wazee wanapoanza kukumbuka ujana. Waziri alifuta machozi ya kicheko, akasema mmesikia hekima hiyo, wazee wetu wana kiu ya elimu. Kiwanja kilirudishwa kweli. Kampuni ya soda iliondoa kona moja ya ghala, ikaweka mabenchi kwa ajili ya wazee kukaa, na bango kubwa lenye picha ya Chande ameshika chupa.

Kesho yake nilikwenda naye Idara ya Rika. Niliomba apunguziwe ile miaka. Bwana Mtengeti alitutazama kwa mshangao wa kweli, mara ya pekee niliyowahi kumwona ameshangaa.

"Miaka haipungui, mzee wangu," alimwambia Chande. "Ungekuwa uongo."

*

Ya baadaye ni mafupi. Kliniki ya wilaya ikaletewa daktari mwingine ambaye alitoa dawa bila kuinua uso, kisha dawa zikaisha kwa kuwa wazee wamekuwa wengi, kisha kabati likahamishiwa wizarani kuhifadhi vinywaji vya wageni. Siwema aliendelea kuchemsha maji na kupika mchicha, na kila mwisho wa wiki gari la kata lilikuja kumpeleka Chande kwenye karamu na kuharibu kazi yake. Akarudi kuongeza kitambaa. Aliposhona kanzu ya mwanawe alikuwa anaipima juu ya meza mbili. Nyumbani, mlango ukishafungwa, alimwita mwanangu. Nje alipiga goti.

Chande hakuwahi kuoa, maana wasichana wa rika lake walimwamkia na wajane wa rika lake la kuandikwa walimwonea haya. Hakuwahi kufanya kazi. Alikaa kwenye mabenchi ya kona ya ghala, anaangalia mahali palipokuwa na nyasi. Wakati mwingine nilikaa naye tukazungumzia mechi za zamani, na mkono wake ulikuwa unakwenda kifuani bila yeye mwenyewe kujua. Nilimwambia mara nyingi twende bondeni kwa siri. Tulikwenda mara chache. Mti wa kwanza ulikuwa umeshakuwa mbali.

Moyo wake ulisimama kwenye harusi moja, sahani ikiwa mapajani, akiwa ameombwa kuwabariki maharusi. Alikuwa na miaka ishirini na tisa. Redio ikatangaza kwamba taifa limempoteza Mzee Chande, aliyefariki kwa uzee akiwa na miaka sitini na tisa, na kwamba mazishi yatafuata mila.

*

Ngoma zililetwa na serikali. Mheshimiwa Mnofu hakufika, alikuwa ameshalazwa nje ya nchi kwa maradhi ambayo umri wake ulimruhusu, lakini alituma kondoo. Bwana Mtengeti, sasa Kamishna wa Rika, mwenye tumbo linalolingana na cheo, ndiye aliyesimamia. Watu walicheza kuzunguka kaburi. Wengi walikuwa wa umri wa Chande, wana mikongojo, wanacheza kidogo kisha wanapumzika.

Siwema alikuwa amekaa kwenye mkeka, mikono kwenye mapaja, futi yake bado shingoni, nadhani alisahau kuivua. Uso wake ulianza kukunjamana kwa kilio. Kamishna akamwendea haraka, akainama kadiri alivyoweza, akamkumbusha kwa upole kwamba mzee haliliwi.

"Mimi ndiye niliyemzaa," Siwema alisema.

Kamishna alijibu kwamba anaelewa uchungu wa binti kwa babaye, lakini kwenye kumbukumbu marehemu amemzidi miaka kumi na minane, na hakuacha mama. Akamruhusu kutabasamu kwa unyenyekevu. Kisha akawapa ishara wapiga ngoma waongeze nguvu, kwa ajili ya tahadhari.

Nilikuwa nimekaa karibu na dada yangu, napiga makofi kufuata ngoma kama wengine.

Ukafika wakati wa kiti. Mrithi wa kiti cha Chande alikuwa Bibi Rehani, miaka hamsini na nne kwa daftari, na ameruhusiwa mwaka mmoja mapema kwa unene wa mfano. Alikuwa binti wa miaka kumi na minne, ana sare ya shule chini ya kanga na kofia ya uzee kichwani. Kutoka langoni mpaka kitini alisimama njiani kupumzika. Alipokaa akaletewa sahani, mkia wa kondoo, mafuta yanashuka pembeni, na watu wote wakasimama kumtazama amalize. Aliitazama sahani, akatutazama sisi, akauliza kwa sauti ndogo kama lazima aimalize yote.

Siwema akainuka. Alipita katikati ya ngoma bila kucheza, akachukua sahani ile mikononi mwa mtoto akaiweka chini, mbele ya watu wote, mbele ya Kamishna. Akamvua kanga na kofia. Akaenda kwenye ndoo akachota maji kikombe kimoja, akampa, akasubiri mpaka akayanywa.

"Inuka, mwanangu," alisema, kwa sauti ya kusikika. "Twende tukatembee."

Ngoma zilinyamaza moja baada ya nyingine. Wakaondoka wameshikana mikono, polepole, wanasimama binti akichoka, wanaendelea, wakashika njia ya nyuma ya soko inayokwenda bondeni. Kamishna akapiga kelele wakamatwe. Askari walijaribu, walifika langoni wakashika viuno. Kamishna mwenyewe alipiga hatua kadhaa, akasimama, akaweka kiganja kifuani, akakaa kwenye kiti cha marehemu. Mimi nilinyanyuka nusu, goti likakataa, nikarudi chini. Tuliwatazama mpaka wakapotea, wanawake wawili wanaotembea tu, na hakuna hata mmoja wetu aliyeweza kuwafuata. Tulikuwa tumeshiba.